Tela la kambi linavuka mpaka kama gari la pili

Mkuu, umeuliza kama kadi ya gari lako na bima yake vinatosha kukuvusha mpaka ukiwa unavuta tela la kambi uliloazimwa na shemeji yako, au kama tela linapita tu kwa kuwa limefungwa nyuma ya gari. Nimekuwa nikivuta tela langu la ekseli moja kuvuka mipaka kwa miaka tisa sasa, na jambo hilihili unalouliza limenikwamisha mara mbili. Naomba nikujibu kwa kirefu ili yasikukute.

Havitoshi. Wewe ukiwa kwenye usukani unaona kitu kimoja kirefu. Afisa forodha anaona mali mbili, gari na tela, kila moja ikiwa na thamani yake na ushuru wake endapo ingebaki nchini kwake. Mgeni anaruhusiwa kuingia navyo bila kulipa ushuru huo kwa sharti kwamba ataondoka navyo ndani ya muda aliopewa. Huko ndiko kuingiza kwa muda. Karibu kila karatasi utakayoombwa mpakani inajibu moja ya maswali haya matatu: tela hili ni lipi hasa, ni la nani, na litatoka lini.

Anza na swali la kwanza, na ulianzie chini ya tela lenyewe kabla hujagusa faili la karatasi. Namba ya chesisi huwa imegongwa kwenye chuma, mara nyingi kwenye mkono wa tela au kwenye fremu karibu nao, na mara nyingine iko pia kwenye kibati cha mtengenezaji. Chukua brashi na kitambaa chenye maji, sugua mpaka isomeke, kisha uisome herufi kwa herufi huku mtu mwingine ameshika kadi ya usajili. Mara yangu ya kwanza kukwama ilikuwa hapo. Kadi yangu ilikuwa na 8, chuma kilikuwa na B. Herufi moja tu. Namba hizi kwa utaratibu wa kimataifa zina tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q ziliachwa makusudi ili zisichanganywe na 1 na 0, lakini B na 8 zote zimo, na aliyeandika kadi yangu alikosea. Nilikuwa nimeendesha miaka miwili bila kujua, kwa sababu askari wa barabarani hutazama pleti namba, hawalali chini na tochi. Afisa wa mpakani alilala chini na tochi. Kwa macho yake lile lilikuwa tela jingine kabisa, pengine la wizi, na hakuwa na kosa kufikiri hivyo. Nilikaa pale saa tano. Kilichoniokoa ni picha ya ankara ya ununuzi niliyokuwa nayo kwenye simu, yenye B mahali pake, na kibati cha mtengenezaji kilichokubaliana na chuma. Niliporudi nilirekebisha kadi kabla ya kitu kingine chochote. Wewe fanya ukaguzi huo wiki kadhaa mapema, maana kurekebisha kadi si kazi ya siku moja, na mwenye uwezo wa kuirekebisha ni shemeji yako, si wewe.

Kuna nchi ambazo tela dogo halina kadi yake. Uingereza ni mfano: kwa kawaida tela hubeba namba ya gari linalolivuta. Tangu Machi 2019 wameweka usajili kwa matela yanayokwenda nje, lakini kwa matumizi binafsi ni lazima tu pale uzito unapozidi kilo 3,500, kwa hiyo matela mengi ya kambi hayamo. Kama la shemeji yako ni la aina hiyo, ankara ya ununuzi na kibati vinakuwa ndiyo kitambulisho chake, na usiondoke bila nakala.

Swali la pili ndilo linalokuhusu zaidi, kwa sababu tela si lako. Usivuke na tela la kuazima kwa maneno matupu, hata kama mwenyewe yuko tayari kupigiwa simu usiku wa manane. Afisa hawezi kumhoji mtu asiyemwona. Mwombe shemeji barua yenye jina lake na lako kama yalivyo kwenye pasipoti, namba ya chesisi yote, namba ya usajili, nchi unazokwenda, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na sentensi inayosema wazi kwamba amekuruhusu kulitoa nje ya nchi na kulirudisha. Igongeshe muhuri wa wakili. Ambatisha nakala ya kitambulisho chake. Kama unakwenda mahali ambako lugha ya ofisi ni nyingine, ipatie tafsiri. Na kama tela lina mkopo, benki au kampuni iliyokopesha nayo inaweza kuwa na haki juu yake, kwa hiyo muulize shemeji hilo bila kuona haya.

Leseni yako itazame pia. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi nyingi zinaufuata, unaita tela jepesi lile ambalo uzito wake wa juu unaoruhusiwa hauzidi kilo 750. Si uzito wa siku hiyo likiwa tupu. Ni ule ulioandikwa kwenye kibati. Ukivuka kilo hizo, unaweza kuhitaji daraja la leseni lenye herufi E, yaani la kuvuta tela zito, kutegemea uzito wa gari na wa tela vikijumlishwa. Tela la kambi lenye vitanda, jiko na tangi la maji hufika huko haraka kuliko watu wanavyodhani. Langu ni kilo 1,300. Mkataba huohuo unataka alama ya nchi uliyotoka iwekwe pia nyuma ya tela, maana ile ya gari imeshafichwa, na nyuma ya tela kuwe na reflekta mbili nyekundu zenye umbo la pembetatu, ncha ikitazama juu. Ni vitu vidogo, ila mtu akikuona umevikosa ndipo anapoanza kutafuta na vingine.

Kuhusu bima, usiridhike na jibu la «tela linafunikwa na bima ya gari». Mara nyingi ni kweli likiwa limefungwa kwenye gari, tena kwa madhara unayomsababishia mtu mwingine tu. Ukilifungua kambini likabingirika mteremkoni, au likiibwa, hadithi ni nyingine. Uliza kampuni yako iandike kwamba tela limo, na limo katika nchi zipi. Kwenye nchi za mfumo wa Kadi ya Kijani, cheti cha bima ya kuvukia mipaka kinachotumika Ulaya na nchi jirani, baadhi hutaka tela liwe na kadi yake mbali na ya gari, kwa hiyo omba mbili. Tangu Julai 2020 kadi hiyo inaruhusiwa kuchapishwa kwenye karatasi nyeupe kwa wino mweusi, usishangae ikifika si ya kijani. Kwa nchi za COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, kuna Kadi ya Njano inayofanya kazi inayofanana na hiyo, nayo pia hakikisha tela limetajwa.

Sasa swali la tatu, la kutoka, ambalo nalisisitiza kuliko yote.

Baadhi ya nchi zinakupa kibali cha muda palepale mpakani. Nyingine zinataka hati ya dhamana iliyotolewa kabla hujaondoka, ile inayoitwa Carnet de Passages en Douane, ambayo wasafiri wanaiita kaneti. Hutolewa na vyama vya magari chini ya mtandao wa FIA, shirikisho la kimataifa la vyama hivyo, kwa kawaida hudumu mwaka mmoja, na ina kurasa 5, 10 au 25. Kila ukurasa una vipande vitatu: kimoja huchanwa unapoingia, kimoja unapotoka, na kishina kinabaki kwako kikiwa na mihuri yote miwili. Kishina kisipokuwa na muhuri wa kutoka, nchi ile inaweza kudai ushuru kutoka kwenye dhamana uliyoweka. Chama kinachotoa hati ukiambie tangu mwanzo kwamba una tela, wala usisubiri wakuulize. Mimi nilipewa ya gari na ya tela, kila moja na kitabu chake.

Na kuwa na vitabu viwili maana yake ni mihuri miwili kila unapoingia na miwili kila unapotoka. Mara yangu ya pili kukwama ilitokana na kusahau hesabu hiyo. Ilikuwa safari nyingine, kwenye nchi isiyotaka kaneti, nami nilikuwa na vibali viwili vya karatasi. Tulifika mpakani usiku, watoto wamelala, mvua inanyesha. Uhamiaji wakagonga pasipoti, forodha wakapokea kibali cha gari, mlinzi wa geti akapunga mkono. Kibali cha tela kilibaki kwenye boksi la dashibodi. Miezi minane baadaye nilirudi kwenye mpaka uleule, na kompyuta yao ikasema tela langu halijawahi kutoka nchini, na muda wake umeisha zamani. Tela lilikuwa limesimama nje ya dirisha lao, limefungwa kwenye gari langu, linaingia. Hilo halikusaidia, kwa sababu kwenye kumbukumbu zao mimi nilikuwa mtu aliyeingiza tela, akaliacha, kisha akapata jingine. Ilinichukua wiki tatu za barua kufuta rekodi ile, nikitumia muhuri wa kuingia wa nchi ya pili wenye tarehe na namba ya chesisi, na risiti za viwanja vya kambi nilivyolala baadaye. Safari ile ilikufa. Watoto walikuwa wameihesabia siku, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Tangu hapo siondoi gari kwenye eneo la forodha kabla sijashika karatasi ya tela mkononi na kusoma muhuri wake: tarehe, jina la kituo, na neno la kutoka. Naupiga picha palepale. Kuwa makini zaidi kwenye vituo vya pamoja, ambako nchi mbili zinafanya kazi ndani ya jengo moja, kama Chirundu kati ya Zambia na Zimbabwe, kilichofunguliwa mwaka 2009. Pale husimami kabisa upande unaotoka. Dirisha la kutoka liko ndani ya nchi unayoingia. Vinaokoa muda mwingi, lakini mtu mwenye tela anaweza kupita dirisha la kwanza akifikiri ameshamaliza.

Ukaguzi wa ndani ya tela usikuogopeshe. Tela lina vyumba vingi vidogo vya kufichia vitu na maafisa wanalijua hilo, hivyo watafungua makabati, chini ya vitanda, na mahali pa mtungi wa gesi. Fungua kila kufuli kabla hujafika kwenye dirisha, kisha simama mlangoni uwaache wafanye kazi. Andaa orodha ya vitu vya thamani ulivyobeba, jenereta, paneli ya sola, friji ya kubebeka, baiskeli, pamoja na namba zake za kiwandani, nakala mbili. Omba moja igongwe muhuri unapotoka nchini kwako, ili ukirudi usidaiwe ushuru wa vitu vyako mwenyewe. Kitu kipya kilichomo ndani ya boksi lake kinafanana na bidhaa ya kuuza. Kitoe kwenye boksi.

Friji iwe karibu tupu. Nyama, maziwa, matunda na mbegu ndivyo vinavyozuiwa zaidi, na usipovitaja unaweza kupigwa faini hata kama ni kipande kimoja kilichosahaulika. Kuni usizivushe kabisa. Kuna mdudu kutoka Asia anayetoboa miti inayoitwa «ash» kwa Kiingereza, aliyetambuliwa Michigan mwaka 2002 na baadaye akaua miti kwa mamilioni Marekani na Kanada, na kuni za wapiga kambi ni moja ya njia zilizomsambaza. Mimi napenda misitu, ndiyo sababu nilinunua tela. Kwa hiyo naosha udongo kwenye magurudumu na chini ya fremu kabla ya kila mpaka, hata pale ambapo hakuna anayekagua, na natazama pembe za nje kama kuna mayai ya wadudu.

Mengine ni mafupi. Mtu yeyote asikae ndani ya tela mnapokaribia mpaka wala njiani, hata mtoto aliyelala. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe. Kwenye foleni usijitupe kwenye njia nyembamba ya magari madogo. Simama pembeni, shuka, uliza tela linapita wapi, kwa sababu kurudisha nyuma gari lenye tela huku nyuma kuna magari ishirini ni adha kwa kila mtu. Na fika asubuhi, ukiwa na akili ya kusoma mihuri.

Ukishasugua chesisi, rudi hapa utuambie uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati, unavuka kutoka nchi gani kwenda ipi, na kama kadi ya tela iko kwa jina la shemeji kweli au bado iko kwa jina la aliyemuuzia. Hilo la mwisho mwulize leo. Kama bado halijabadilishwa, barua yake haina nguvu yoyote mpakani, na itabidi muanze na uhamisho wa umiliki kabla ya kupanga tarehe.