Muziki wa Ndoto: Pesa ya Kwanza Ipeleke Chumbani

Swali hili naulizwa karibu kila wiki: "Fundi, pesa isingekuwa tatizo, wewe ungefunga muziki gani kwako?" Anayeuliza anasubiri nimtajie spika. Majina ninayo, na nayapenda kweli. Kuna Nautilus ya Bowers & Wilkins wa Uingereza, iliyotoka mwaka 1993, imejikunja kama konokono na kila spika inadai chaneli nne za amplifaya. Kuna WAMM Master Chronosonic ya Wilson Audio wa Marekani, iliyotoka 2017 kwa dola 685,000 jozi moja.

Lakini jibu langu ni chumba. Ningeanza na chumba, na sehemu kubwa ya pesa ingeishia humo.

Kuna mzee mmoja wa Mbezi Beach, hapa Dar, alinipigia simu akiwa na uchungu. Alikuwa ameagiza spika kutoka nje, ndefu, zinamfika kifuani, na amplifaya ya kubebwa na watu wawili. "Kijana wangu, nahisi nimepigwa," akaniambia. "Redio ya kwenye gari inaimba kuliko hii."

Nilipofika sebuleni sikuwasha chochote. Nilipiga kofi moja tu. Likarudi na mlio mwembamba wa bati, ukatetemeka hewani kabla ya kufa. Nikatazama huku na huku: sakafu marumaru inayong'aa, kuta za bloku zilizopigwa plasta laini, upande wa bahari kioo kutoka juu mpaka chini, makochi ya ngozi. Humo ndani hamkuwa na kitu cha maana kinachomeza sauti.

Maneno matupu hayakumtosha, na nilimwelewa, maana alikuwa ametoa pesa nyingi. Basi tukazibeba zile spika, mimi na vijana wake watatu, tukaziweka nje chini ya mwembe na kuvuta waya wa umeme kutoka barazani. Nikaweka taarab anayoijua tangu utoto. Nje hakuna ukuta wa kuirudisha sauti. Fidla zikatengana, kila moja na mahali pake, na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikasikika uzi kwa uzi. Besi ilipungua kidogo lakini ikawa safi. Mzee alisimama mikono nyuma, kimya, mpaka wimbo ukaisha. "Kumbe zinaimba," akasema.

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Noti ya besi yenye mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la mita 8.6 hivi. Chumba chako kikiwa na urefu wa mita 4.3, nusu ya wimbi hilo inaenea barabara kati ya ukuta na ukuta, na noti hiyo inavimba. Ukikaa karibu na ukuta inakupiga tumboni. Ukisogea katikati inapotea. Noti nyingine ziko sawa, hiyo moja inaunguruma peke yake. Nyumba zetu za bloku huzidisha tatizo. Nyumba nyingi za Marekani ni fremu za mbao zilizofunikwa jipsam, kwa hiyo besi nyingi hupenya ikatoka. Ukuta wa bloku unairudisha karibu yote. Ndiyo maana spika unayoiona ikisifiwa mtandaoni na Mmarekani inaweza kukusumbua ukiifunga Sinza.

Aliyetupa hesabu ya mambo haya ni Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia pale Harvard. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi ambao mhadhara ulikuwa hausikiki kwa sababu ya mwangwi. Usiku alikuwa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anaipanga, kisha anapima sauti inachukua muda gani kufa. Fomula yake tunaitumia mpaka leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, gawanya kwa sekunde unazotaka, utapata mita za mraba za kitu kinachomeza sauti. Chumba cha mita 5 kwa 4, kwenda juu 3, kina mita za ujazo 60. Ukitaka sauti ife ndani ya sekunde 0.4, unahitaji umezaji kamili wa mita za mraba kama 24. Marumaru tupu haikupi hata moja.

Kwa yule mzee tulianza na zulia zito, mapazia mazito mbele ya kile kioo, na rafu ya vitabu ukuta wa nyuma. Kwenye pembe tukasimamisha fremu za mbao zenye unene wa sentimita 15, tukazijaza usumba, ule ule wa magodoro. Kitambaa cha kufunikia ukichague kwa mdomo: kiweke midomoni upulize. Hewa isipopita, sauti nayo inagonga na kurudi, na kazi yote ya usumba inapotea. Spika tukazivuta mbele, mita moja kutoka ukutani, na kochi tukalitoa ukutani kabisa. Umbali kati ya spika na spika ukawa sawa na umbali wa kila spika mpaka kichwani pake.

Hayo ni marekebisho ya nyumba iliyokwisha jengwa. Pesa isiyo na kikomo ingenipa chumba kipya kilichojengwa kwa kusikiliza, ambacho urefu, upana na kimo havifanani wala kimoja si mara mbili ya kingine, maana vikifanana noti zinarundikana pale pale. Kuta mbili zisizogusana, mlango mzito. Na ubaridi usio na kelele, jambo ambalo kwa Dar watu hulisahau. Pangaboi likizunguka, au AC ikinguruma ukutani, sauti zote laini za kwenye muziki zinafunikwa, hata uwe na spika za bei gani. Mtambo wa AC ningeuweka mbali, upepo uje kwa bomba pana ukitembea polepole.

Umeme nao ungekuwa na laini yake kutoka kwenye meni switchi, na waya wa ardhi uliopimwa. Nilishapoteza amplifaya niliyoipenda sana: umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, nikasikia "pa!" na harufu ya kuungua ikajaa chumba. Tangu siku hiyo kwangu kila kitu kinapita kwenye stabilaiza. Kwenye ndoto, muziki wote unakula betri za sola kupitia inveta nzuri.

Sasa spika. Moyo wangu uko kwa Quad, spika ya Mwingereza Peter Walker, ile ya mwaka 1957. Haina koni, ile sahani inayosukuma hewa kwenye spika za kawaida. Ina utando mwembamba wa plastiki unaotetemeshwa na umeme wa volti nyingi, na sauti ya mwanadamu inatoka humo kana kwamba mwimbaji amesimama mbele yako. Lakini unyevu na vumbi ni adui zake wakubwa, volti zinaruka na utando unaharibika. Kwa pwani yetu kuiweka chumba cha kawaida ni kuiua. Ningeinunua kwa sababu kile chumba cha ndoto kimefungwa, hewa yake imekaushwa na kuchujwa. Bila hivyo, chukua spika za koni, na hakikisha ukingo wa koni ni wa mpira. Ule wa sponji nimeukuta umekuwa unga kwenye spika nyingi sana za Tanga, Zanzibar na hapa mjini.

Quad haina besi ya chini kabisa, kwa hiyo ningeongeza sabufa nne za wastani, moja katikati ya kila ukuta. Nne ndogo zinasawazisha besi chumba kizima kuliko moja kubwa kama friji.

Vya kuchezea muziki havinipi shida. Diski ya CD iliyorekodiwa vizuri inatosha, na kwa santuri Technics SL-1200, mashine iliyoanza kuuzwa 1972. Waya wa spika uwe wa shaba, milimita za mraba 2.5, kwa chumba cha kawaida. Ukiuziwa waya wa mamilioni, rudisha, nunua zulia.

Na usilipe kabla hujasikiliza wimbo wako mwenyewe. Mimi hutumia dansi la Kikongo lenye gitaa la solo, misolo, ridhimu na besi. Misolo ndiyo hupotea kwanza, inajificha kati ya solo na ridhimu. Tulipomaliza kazi Mbezi Beach nilimwekea mzee rekodi ya OK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo, aliyodai kuijua kwa kichwa. Katikati ya sebene akanishika mkono.

"Ebu irudishe hapo," akasema. "Huyu wa gitaa la upande wa kulia, alikuwa wapi miaka yote hii?"