Rangi ya Kirikuu Imetoka Malengelenge: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Kirikuu yangu naitumia kubeba samaki. Niliipiga rangi nyumbani kwa kompresa ya kuazima, na kabla mwaka haujaisha milango na madigadi yametoka malengelenge. Ukiyapasua, chini kuna kutu. Pesa ya gereji kubwa sina. Nikirudia, nifanyeje idumu?
*Msomaji, Mikindani, Mtwara*

Jibu: Pole, ndugu. Lengelenge lenye kutu chini yake kwa kawaida ni chumvi iliyofungiwa ndani. Chumvi huvuta unyevu kupitia rangi, maji yakajikusanya na kuisukuma juu. Ukipiga rangi mpya juu ya hiyo, umeficha tu.

Osha gari kwa sabuni na maji ya bomba au ya mvua. Ya kisima chenye chumvi hayafai. Palipovimba, kwangua kwa brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka chuma king'ae, osha tena, kausha, futa kwa tina (kiyeyusho cha rangi) na kitambaa safi. Praima ya epoksi, yaani rangi ya chini ya kushika chuma, ipigwe siku hiyohiyo, maana chuma kitupu kikilala nje huku pwani, asubuhi kina kutu.

Pati, ile ya kujazia mabonde ya bodi, ndiyo inayowaangusha wengi. Weka hadina (dawa ya kuigandisha) gramu 2 kwa gramu 100 za pati; ikizidi, doa litajitokeza kwenye rangi baadaye. Unene usizidi milimita 3. Kisha piga msasa MKAVU: 80, 180, halafu 320. Mafundi wengi humwaga maji ili vumbi lisiwasumbue, lakini pati hunyonya maji, na ukiyafunika kwa praima umejitengenezea malengelenge mengine. Juu yake piga praima ya kuchanganywa na hadina, tabaka mbili, ikikauka ilainishe kwa namba 600.

Rangi nayo iwe ya hadina, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, si kwa jicho. Ukitaka kubana matumizi, chagua nyeupe isiyohitaji klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi. Lita mbili na nusu hadi tatu, ikiwa imeshachanganywa, kwa kawaida zinatosha kirikuu kwa nje. Praima usiibane.

Piga kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha. Anza saa 3 asubuhi umande ukishakauka, umalize kabla upepo wa kusi haujaanza kurusha mchanga. Fungua koki ya chini ya tangi la kompresa utoe maji, ufunge na kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa. Bunduki ya rangi iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Subiri dakika 10 hadi 15 kati ya tabaka. Ukiharakisha, tina iliyobaki chini itatoboa vishimo ikitafuta njia.

Na hili si la mzaha: hadina hizi zina aisosayaneti, inayoharibu mapafu. Vaa barakoa yenye vichujio vya mkaa. Ya kitambaa haizuii kitu. Watoto wakae mbali.

Swali: Je, pikapu ya shamba naweza kuipaka rangi ya mafuta ya nyumba kwa rola?
*Msomaji, Lindi mjini*

Jibu: Unaweza, kama hujali mng'ao. Tumia rola ndogo ya sponji, punguza rangi kwa tapentaini, paka tabaka nne au tano nyembamba, moja kwa siku, ukipitisha msasa 600 katikati. Itachukua wiki kadhaa kukomaa, na jua litaifubaza mapema kuliko rangi ya gari. Ila siku ukitaka kupiga rangi ya hadina, ikwangue yote kwanza, la sivyo tina kali itaikunja kama ngozi ya maziwa.

Swali: Rangi yangu ya kukausha haraka imekauka na ukungu mweupe. Kwa nini?
*Msomaji, Masasi*

Jibu: Ulipiga hewa ikiwa na unyevu mwingi. Tina kali hupoza bodi inapopaa, mvuke ukaganda juu ya rangi. Siku kavu, pitisha tabaka jepesi la tina inayokauka polepole. Ukungu ukigoma kutoka, piga msasa 800 urudie.