Mwerezi wa Kijapani umegeuka rangi ya kutu: ndiyo umekufa?

SWALI: Mtaalamu, naomba msaada. Naishi Leicester, Uingereza. Mwaka jana nilinunua mwerezi mfupi wa Kijapani, aina ya Vilmoriniana, upo kwenye chungu uani. Tangu Desemba majani yamekuwa rangi ya kutu. Jirani anasema nikate matawi yote yaliyobadilika. Je, mti umekufa?

JIBU: Ndugu yangu, usikate kitu kwanza. Hiyo ndiyo tabia ya Cryptomeria japonica, jina la kitaalamu la mwerezi wako. Baridi ikikutana na jua, majani yake hutengeneza rangi nyekundu iitwayo rodozanthini, inayoyakinga na mwanga ambao hayawezi kuutumia. Joto likirudi, kijani nacho hurudi.

Ili kuhakikisha, kwaruza gamba la kitawi kwa ukucha. Ndani kukiwa kijani, na kitawi kikipinda bila kuvunjika, kiko hai. Rangi ya baridi hutanda mti mzima, hasa upande unaopigwa na jua. Tawi moja likikauka peke yake na majani yakapukutika ukiligusa, hilo limekufa. Lakini hata hilo liache hadi majira ya kuchipua, ndipo ulikate. Majani makavu ya ndani kabisa, kusikofika mwanga, ni ya uzee tu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hicho chungu. Ndugu za mti wako huko kwao wanaota kwenye milima yenye mvua nyingi, kama kisiwa cha Yakushima, na hawavumilii ukame. Chungu kilichosogezwa ukutani kinaweza kukosa mvua hata wakati wa baridi, huku upepo ukiendelea kunyonya maji majanini. Ingiza kidole kwenye udongo. Pakiwa pakavu, mwagilia, ikiwezekana kwa maji ya mvua. Kisahani cha chini kisituamishe maji.

Kama una bustani, uhamishie ardhini mwishoni mwa Machi, penye jua na pasipo na upepo mkali wa mashariki. Udongo uwe na tindikali kidogo na mboji nyingi. Wa chokaa haufai. Tandaza magome ya miti juu, yasiguse shina. Nafasi haitakusumbua: wenzake wa msituni hupita mita 40, huu kwa miaka mingi haufiki hata mita moja.

Jirani yako akikuwahi na mkasi, usikate tamaa. Tofauti na misonobari mingi, mwerezi huu huchipua hata kwenye matawi makuukuu yasiyo na majani. Chipukizi pekee la kuliondoa mapema ni lile refu, lenye nguvu kuliko mengine, linalotaka kurudia umbo la msituni. Likate hadi linapoanzia.