Draiva imo ndani ya JAR, mbona haionekani?

SWALI: Huduma yangu inasoma MySQL na kuandika PostgreSQL. Kwenye kompyuta yangu haina shida. Nikiifungasha kwa maven-shade-plugin iwe JAR moja (faili moja yenye klasi zote) na kuipeleka kwenye seva, inakufa na ujumbe "No suitable driver found for jdbc:postgresql". Nimekagua kwa jar tf (amri ya kuorodhesha yaliyomo), klasi org.postgresql.Driver imo. Kosa liko wapi?

JIBU: Klasi imo, ila jina lake limepotea kwenye daftari. Tangu Java 6, DriverManager, sehemu ya Java inayounganisha programu na hifadhidata, hutafuta draiva kwa kusoma faili META-INF/services/java.sql.Driver, ambayo ndani yake mna jina la klasi na basi. Kila draiva huja na faili yake, zote zikiwa na jina hilo hilo. Unapoiendesha ukiwa bado unaandika programu, kila maktaba iko kwenye JAR yake, kwa hiyo Java inazisoma zote. Ukizimwaga kwenye JAR moja, faili moja tu kati ya hizo ndiyo inabaki.

Hakikisha:

unzip -p huduma.jar META-INF/services/java.sql.Driver

Ukiona com.mysql.cj.jdbc.Driver peke yake, ndiyo hiyo. Ongeza mstari huu ndani ya <transformers> kwenye pom.xml:

<transformer implementation="org.apache.maven.plugins.shade.resource.ServicesResourceTransformer"/>

Endesha mvn clean package, kisha rudia amri ya unzip. Sasa itoke mistari miwili.

Usiziunganishe faili hizo kwa mkono kwa cat. Faili ya kwanza ikiishia bila mstari mpya, majina yanagandana: com.mysql.cj.jdbc.Driverorg.postgresql.Driver. Klasi ya jina hilo haipo popote, na DriverManager humeza kosa lenyewe kimyakimya. Unapoteza draiva zote mbili bila kuambiwa kwa nini.

Wapo watakaokushauri uandike Class.forName("org.postgresql.Driver"). Itafanya kazi, lakini ni kutuliza maumivu tu. Maktaba nyingine zinazotegemea folda hiyo hiyo ya services, SLF4J 2.0 (ya kuandika logi) kwa mfano, zinaweza kukwama vilevile.

SWALI: Nimeongeza maktaba ya usimbaji fiche, sasa JAR inagoma kuanza: "Invalid signature file digest for Manifest main attributes".

JIBU: Maktaba hiyo imetiwa saini. Faili zake za .SF na .RSA (au .DSA) zimehamia META-INF ya JAR yako, zikaikuta MANIFEST.MF (faili ya maelezo ya JAR) isiyo yao. Weka <filter> ya *:* yenye <exclude> ya META-INF/*.SF, META-INF/*.RSA na META-INF/*.DSA.

Ila kama maktaba hiyo ni mtoa huduma wa JCE (mfumo wa Java wa usimbaji fiche), usiivunje saini yake hivyo, maana Oracle JDK huidai saini hiyo. Itoe kwenye shade kwa <artifactSet>, iweke nzima kwenye folda ya lib kando ya JAR yako, na uitaje kwenye Class-Path ya MANIFEST.MF. Njia huhesabiwa kuanzia JAR ilipo, hutenganishwa kwa nafasi, na alama ya * haikubaliki. Usihangaike na -cp (chaguo la kutaja mahali pa klasi). Amri ya java -jar huipuuza.