Muulize Bibi Shamba: Tufagie au tuache majani?

SWALI: Shikamoo Mama. Nasimamia usafi na bustani katika chuo kimoja hapa Dodoma. Kila mwaka mvua zikianza Desemba tunapanda miti, ikifika Agosti zaidi ya nusu imekauka. Chini ya miti mikubwa tunafagia kila asubuhi, majani tunayachoma nyuma ya bweni. Mkubwa wangu anataka pawe safi. Tunakosea wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Mnakosea kwenye ufagio. Nasema hivyo kwa uchungu, maana nami nilianza kutunza bustani ya chuo na ufagio wa chelewa mkononi na kiberiti mfukoni, nikisifiwa kwa kufagia mpaka udongo uking'aa. Mwaka wa tatu mizizi ya mjohoro mmoja ilikuwa nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Udongo ule niliuondoa mimi, kidogo kidogo, mvua ikamalizia.

Kesho asubuhi tafuta mti ambao ufagio haujaufikia, pengine nyuma ya stoo. Funua majani kwa mkono. Utakuta yaliyooza nusu, nyuzi nyeupe za kuvu, jongoo, na udongo ambao ukiufumbata unashikamana. Kisha chota wa pale mnapofagia: unamwagika kama unga. Mizizi midogo inayonyonya maji, sehemu kubwa iko humo humo juu, ndani ya sentimita 30 hivi. Na kwenu mvua ni msimu mmoja tu. Zikikata Aprili, mti unaishi kwa unyevu uliobaki hapo, na jua la Dodoma likipiga udongo mtupu, unyevu huo haukai.

Kwa hiyo fagieni njia, ngazi na mifereji. Chini ya miti acheni. Majani ya njiani yapelekeni kwenye miche yawe matandazo, unene wa vidole vinne, ila shina libaki wazi shubiri moja, maana mchwa wa huko nawajua. Karibu na bweni wanafunzi wataogopa nyoka, na wana haki. Hapo fagieni, lakini yaende kwenye shimo la mboji, si motoni. Changanyeni na nyasi mbichi mlizofyeka, mgeuze kila wiki mbili, pasikauke.

Miche ichimbieni visahani, yaani vishimo vifupi vya kushika maji kuizunguka. Chukueni chupa za maji za lita moja na nusu zinazotupwa na wanafunzi, mtoboe kizibo kwa msumari, mkate kitako, mzifukie kichwa chini kando ya mche. Jazeni jioni. Na pandeni michache, nakuomba sana: miche 40 mnayoweza kuinywesha hadi Novemba inanipa furaha kuliko 400 ya siku ya picha.

Mkubwa wako usimwandikie barua. Mpeleke nyuma ya stoo, mfunulie majani, ashike udongo mwenyewe. Wa kwangu aliushika, akaunusa, akanyamaza. Jioni hiyo hatukuwasha moto.