Shamba la mwalimu

Mwanangu Zuhura,

Barua yako imefika. Unauliza: ukiwa na madarasa mawili ya kufundisha kwa siku, moja saa moja asubuhi na jingine saa kumi na moja jioni, na yoga yako mwenyewe inakula muda wa saa mbili na ushei kabla hakujapambazuka, utaiweka wapi? Mie mambo ya ratiba siyajui. Najua bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana.

Ulipokuja Idi ulinambia yule mzee wenu wa yoga wa Mysore, India, Pattabhi Jois, alikuwa akiwapumzisha wanafunzi mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Nilicheka, maana siku hizo ndizo bahari hapa Paje inapokupwa mbali, nasi ndipo tunapoinama kwenye mwani mpaka kiuno kinalia. Na wageni wako wanalipa kuinama! Haya.

Unaukumbuka mwaka niliochaguliwa kuwafundisha wanawake wa vijiji vingine kufunga mwani? Posho, fulana, kila mtu "Mwalimu, Mwalimu". Bamvua ya kwanza sikuingia shambani kwangu. Ya pili nikamtuma baba yako. Unamjua baba yako. Nilipokwenda mwenyewe, kamba zimelala kwenye tope, mwani umegeuka mweupe, ukiugusa unakatika. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwapo, akaniuliza kwa adabu zake zote, "Mwalimu, hili la nani?" Nikamjibu silijui. Nililikana shamba langu, Zuhura! Hata leo nikipita pale nageuza uso.

Watu husema kinyozi hajinyoi. Siupendi msemo huo, na nilishakwambia: fundi ni mkono wake. Lakini posho ile ndiyo iliyokulipia kidato cha pili. Ningeikataa? Nisingeikataa. Basi nakulaumu nini?

Unasema ipo njia fupi ya yoga isiyo na aibu: kulisalimia jua, ile mikao ya kufuatana, mara tano, tena tano kwa ile ndefu, kisha mikao mitatu ya mwisho. Naiona kama kwenda kukaza vigingi tu, kuvuna siku nyingine. Kamba hazichukuliwi na maji. Siku za madarasa mawili ningefanya hivyo... basi, sisemi. Mwili wako, kazi yako. Ila hilo darasa la jioni... nimesema sisemi.

Mwezi unaandama Jumatano. Utakuwa umepumzika, kwa hiyo njoo na viatu vya mpira. Kuna vigingi vya kupigilia.

Mama yako