IC inabeba 30V, chaja inatoa 27.6V: mbona inaungua?

Swali: Kifaa changu cha 5V kinatumia betri mbili za asidi za 12V zilizounganishwa mfululizo, kupitia moduli ndogo yenye reguleta MP1584 (IC, yaani chipu, inayoshusha volti). Datashiti, yaani karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, inasema 30V. Betri zikiwa kwenye chaja, multimita inasoma 27.6V. Moduli mbili zimeungua papo hapo nilipochomeka waya. Nimeuziwa feki?

Jibu: Huenda, lakini hata iliyo halali ingekufa hapo.

Hiyo 30V umeitoa kwenye jedwali la ukomo kabisa. Jedwali hilo linakuonyesha uharibifu unapoanzia, na kuuvuka ukomo huo hata kwa mikrosekunde chache kunatosha kuiua IC. Jedwali la kubunia sakiti ni lile la masharti ya kazi, nalo linaishia 28V. Sasa, betri za namna hiyo hupanda hadi takriban 28.8V kabla chaja haijashuka kwenye 27.6V uliyoiona. Kwa hiyo hukuwa na akiba yoyote tangu mwanzo.

Kilichoziua, hata hivyo, ni kule kuchomeka. Waya wa mita moja una indaktansi (tabia ya kupinga mkondo usibadilike ghafla) ya karibu 1 µH, na kwenye mlango wa moduli hizi mara nyingi kuna kapasita ya seramiki peke yake, tuseme 10 µF. Ukichomeka, mkondo unakimbilia kuijaza. Kapasita ikishafika 27.6V, mkondo uliomo kwenye waya haukatiki ghafla. Unaendelea kusukuma, na volti inaweza kupanda hadi karibu mara mbili, yaani 55V. Kilele hicho kinafika baada ya kama mikrosekunde 10. Multimita haikioni kamwe. Ukitaka kukishika, weka oskiloskopu (kifaa kinachochora volti kwenye skrini) kwenye miguu ya IC yenyewe, waya wa graundi uwe mfupi kabisa, mikrosekunde 10 kwa kila kisanduku cha skrini, triga ya mara moja kwenye 10V, ndipo uchomeke.

Dawa ya kwanza ni rahisi: kapasita ya elektroliti ya 100 µF, 63V, sambamba na ile ya seramiki. Ukinzani wake wa ndani, ambao kwingine ni kero, hapa ndio unaozima mruko. Kwa mfano huu unaofaa ni karibu 0.3 Ω. Kuongeza seramiki nyingine, kama wengi wafanyavyo, hakusaidii, kwa sababu hazina ukinzani wa kuumeza mruko huo.

Ya pili ni kubadili IC. Ningetumia LM2576HV-5.0, ambayo inafanya kazi hadi 60V. Ifungie koili ya 100 µH, kapasita ya kutokea ya 1000 µF, na mguu wa 5 uende graundi, la sivyo haitawaka. Dayodi iwe Schottky (aina ya kasi) ya 60V, 3A, kama MBR360. Usiweke 1N5822 ya 40V, maana dayodi hiyo hupokea kinyume volti yote inayoingia.

Mlangoni ongeza dayodi ya TVS (inayobana volti ikiruka ghafla), SMBJ30A, na fyuzi mbele yake, kwa kuwa TVS ikifa kwa kawaida hupiga shoti. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Namba 30 ni volti ambayo TVS inaivumilia bila kupitisha umeme; ikipigwa na mkondo wa karibu 12A, inaacha volti ifike 48.4V. Ndiyo maana sikukushauri LM2596 ya kawaida, ambayo ukomo wake ni 45V: TVS ingekuwa bado haijabana na IC imeshakwenda.

Kabla hujafunga moduli mpya, kipime kifaa chako kwa 5V ya chanzo kingine. Reguleta ya aina hii ikifa kwa shoti ya ndani, volti yote ya betri hupita moja kwa moja upande wa pili.